Punda mzee na kiangazi: majani ya karanga, pumba au mashudu?

Mvua za masika zikishakatika, maduka ya pembejeo za mifugo kuanzia Igoma hadi Misungwi, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huanza kupokea swali moja: punda wangu amekonda, nimnunulie nini? Muuzaji ataonyesha alichonacho, yaani gunia la pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, pengine na dumu la molasi. Vyote hivyo ni vyakula halali. Ila kwa punda aliyezeeka, ukichagua kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi umeanzia mwisho. Swali la kwanza ni kipi anaweza kukitafuna.

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Asante ya mwenye punda kwa kawaida huwa ni kumfungulia aende akajitafutie porini siku anaposhindwa kubeba madumu. Makala haya ni ya yule asiyetaka kufika huko.

Mfungue mdomo, mpapase mgongo

Punda akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 30. Magego yake, kama ya farasi, huchomoza kidogo kidogo kutoka kwenye ufizi kufidia yanavyosagika, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Akiba hiyo ina mwisho. Uzeeni gego moja linang'oka, lile lililokuwa likisuguana nalo linarefuka kwa kukosa mwenzake, mengine yanabaki na kingo kali zinazokata ulimi na mashavu. Punda wa namna hii hula kutwa nzima na bado anakonda, kwa sababu nyasi zinaingia mdomoni na kutoka.

Dalili hazijifichi. Pale anapokula utakuta matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu yakatemwa. Mavi yake yana nyuzi ndefu ambazo mavi ya punda mwenye meno mazuri hayana. Mdomo unanuka, na shavu moja linatuna kwa chakula kilichoganda. Ukiona hayo, mwite daktari wa mifugo akague, na kingo zinazochoma azipige tupa. Kazi hiyo pekee huwarudishia baadhi ya punda mwili kuliko gunia lolote.

Halafu pitisha kiganja mgongoni, kwenye mbavu na kwenye nyonga. Usitazame tumbo. Punda anayekula mabua makavu hupata tumbo kubwa huku uti wa mgongo umesimama kama ukingo wa paa. Usitazame shingo pia, kwani mafuta yaliyojikusanya hapo tangu ujana hubaki hata mbavu zikihesabika. Wataalamu hutumia alama 1 hadi 5, ambapo 3 ndiyo nzuri: mbavu huzioni, lakini ukibonyeza kidogo unazipata. Chukua kamba, mzungushie kifua nyuma ya miguu ya mbele, funga fundo. Mwezi ujao rudia kwa kamba ileile. Jicho la mtu anayemwona punda wake kila siku ni shahidi mbaya.

Na minyoo je? Na ndorobo, kwa waliokaribia mapori? Hayo yapimwe kwanza. Kumlisha mashudu punda aliyejaa minyoo ni kuwanenepesha minyoo.

Wafugaji wa farasi wa Uingereza wana taabu hii hii, ila kwao inakuja na majira ya baridi. Nyasi zinaacha kukua, mnyama anatumia nguvu kujipasha joto, na manyoya marefu yanaficha mbavu mpaka mambo yameharibika. Wao huloweka masalia ya viazisukari yaliyokwisha kukamuliwa sukari, na nyasi zilizosagwa na kugandamizwa kuwa vidonge, wakampa farasi mzee uji mzito mara kadhaa kwa siku. Kando ya ziwa hatuna baridi ya namna hiyo. Majira yetu magumu ni ukavu wa Juni hadi Septemba. Lakini utumbo wa punda na wa farasi ni mmoja, na kanuni yao tunaweza kuitumia kwa mazao yetu: nyuzinyuzi ndiyo chakula, zikatwe fupi au zisagwe, zilowekwe, zitolewe kidogo kidogo.

Msingi wa mlo: ngitili, mabua, au majani ya karanga

Punda hacheui. Nyasi anazokula huchachushwa na vijidudu katika utumbo mkubwa, nyuma ya tumbo, na hapo ndipo anapopata sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo hata punda asiye na gego moja lazima apate nyuzinyuzi. Hakuna pumba wala mashudu yanayochukua nafasi hiyo.

Ngitili ndiyo njia ya wazee wa Usukumani: eneo la malisho linafungwa wakati wa mvua, linafunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifufua maeneo mengi ya aina hii. Zamani ngitili ya karibu na nyumbani iliwekwa kwa ajili ya ndama, maksai na wanyama wasioweza kutembea mbali, kwa hiyo punda mzee ana haki yake ya kimila humo. Kwa punda ambaye meno bado yapo, sioni cha kushindana nayo. Haina gharama, inampa kazi ya kuchaguachagua siku nzima, na punda ni mchaguaji hodari. Udhaifu wake unajitokeza Agosti. Kufikia hapo nyasi zilizosimama zimebaki mashina, protini imekwisha, na kwa mdomo usio na magego ni sawa na kulisha fagio.

Mabua ya mahindi yana sehemu mbili tofauti kabisa. Majani na maganda ya gunzi yanaliwa vizuri, shina lenyewe ni gumu. Ukimrushia bua zima punda mzee atanyofoa majani na kuliacha shina, na hapo amefanya akili. Ukiwa na mashine ya kukatia majani unaweza kuokoa zaidi, lakini usitarajie aongezeke mwili kwa hayo. Yanamshikilia tu pale alipo.

Majani makavu ya mpunga ndiyo yanayopatikana kwa wingi kuliko yote. Baada ya mavuno majaruba ya Misungwi, Magu na Sengerema yamejaa, na mwenye shamba mara nyingi anafurahi ukiyaondoa. Bei nzuri, lishe ndogo. Yana silika nyingi, ni magumu, na kwa punda asiyetafuna vizuri yanaweza kujikusanya tumboni yakaziba njia. Nyumbani kwangu yangetumika kumlalishia.

Majani ya karanga, na ndugu zake majani ya choroko na ya kunde, ndiyo ninayoyapigia kura. Ni laini kuliko nyasi kavu, yana protini zaidi, na yana madini ya chokaa, yaani kalsiamu, ambayo utaona chini kwa nini yana umuhimu. Yakatwe kwa panga vipande vya sentimeta 2 au 3 kwa punda mwenye meno mabovu. Kwa asiye na meno kabisa, yapelekwe kwenye mashine ya kusaga, nyavu kubwa iwekwe, yatoke kama unga wa chenga. Mwenye mashine atakuangalia kwa mashaka mara ya kwanza. Lipa, beba, nenda.

Tatizo la majani haya ni kwamba hayapo unapoyataka. Yanapatikana siku za kung'oa karanga, na watu wengi huyaacha shambani yakanyeshewa au huyachoma. Ukitaka kuyatumia Agosti lazima uyakusanye mapema, uyakung'ute udongo, uyaanike juu ya kichanja penye kivuli na upepo mpaka yakauke huku majani bado yameshika kwenye mashina, kisha uyahifadhi pasipovuja. Yakiota ukungu yatupe. Hapo ndipo hasa penye uamuzi wa fedha: vibarua wa kukusanya majani wakati wa mavuno, au mifuko ya mashudu wakati wa ukame. Wakati wa mavuno ni nafuu, na chakula kinachopatikana kinamfaa punda zaidi.

Pumba za mahindi au za mpunga?

Pumba ni nyongeza. Nalisema mapema kwa sababu wengi hugeuza mlo mzima kuwa pumba, na punda kwa wiki chache anaonekana amependeza.

Pumba za mahindi zinazotoka kwenye kukoboa sembe zina kiini cha punje ndani yake, kwa hiyo zina mafuta na nguvu, na zikilowekwa hulainika haraka. Zina wanga pia. Wanga mwingi kwa mpigo hupita tumbo dogo la punda bila kumeng'enywa, unamwagikia utumbo mkubwa na kuchacha kupita kiasi. Matokeo ni tumbo kusokota, au kwato kuvimba kwa ndani mpaka punda anakataa kukanyaga. Kwa punda wetu wa kilo 130 hadi 150, usizidishe nusu kilo kwa mlo mmoja wala kilo moja kwa siku. Huna mizani? Pima kilo moja dukani mara moja, mimina kwenye kopo lako, chora mstari.

Pumba za mpunga zina mafuta mengi zaidi, na kama ni zile laini za kweli, kwa kuongeza mwili zinazishinda za mahindi. Shida iko kwenye neno "kama". Mashine nyingi za vijijini hutoa pumba laini na maganda magumu kwa pamoja, na maganda hayo hayana lishe yoyote ya maana. Chukua konzi moja, puliza. Vinavyoruka na kuchoma kiganja ni maganda. Isitoshe mafuta yale yale yanayozifanya ziwe nzuri huzifanya ziharibike upesi: kwenye joto, gunia la wiki kadhaa hunuka mafuta yaliyochacha na punda hugeuza uso. Nunua kidogo, moja kwa moja mashineni, siku waliyokoboa.

Kwa hiyo, uliye jirani na mashine nzuri ya mpunga chukua za mpunga. Wengine wote chukueni za mahindi.

Pumba zote mbili zina kasoro moja isiyoonekana kwa macho: fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo. Punda anayeishi kwa pumba huvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka mifupa ya uso inavimba na miguu inadhoofu. Ulaya ugonjwa huu ulijulikana kwa farasi wa wasaga nafaka, waliolishwa pumba kwa sababu ndizo zilizokuwa nyingi kinuni. Tiba ya kuuzuia ni rahisi. Majani ya karanga yanasaidia, na kwa kila kilo ya pumba weka kijiko kimoja cha chakula cha chokaa ya mifugo, ile ambayo wachanganyaji wa chakula cha kuku huinunua kwa kilo. Chokaa ya kupaka nyumba ni kitu kingine na inaunguza.

Kuna jambo ambalo silifanyii mzaha, nalo ni ukungu. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu ya fumonisini, na punda na farasi wanaathirika nayo kuliko ng'ombe. Inaharibu ubongo. Punda anayumba, anasukuma kichwa ukutani, haoni, anakufa, na dawa hakuna. Pumba zenye vibonge, zenye harufu ya stoo iliyofungwa, zenye rangi ya kijani au ya waridi, usimpe hata kama umekwishazilipia. Msemo wa "punda hachagui" ni wa watu wasiofuga.

Mashudu: alizeti mbele, pamba kwa tahadhari

Mashudu huleta protini, na punda aliyepoteza misuli ya mgongo na mapaja anaihitaji. Ya alizeti ni salama, yana nyuzinyuzi, na yakitoka kwenye mashine ndogo za kukamua bado yana mafuta kiasi. Gramu 150 hadi 200 kwa siku zinatosha. Zilowekwe, maana vipande vikavu vinaweza kumkaba.

Ya pamba ndiyo yaliyotuzunguka, kwa kuwa huku ni nchi ya pamba, na wanenepeshaji wa ng'ombe wa Mwanza na Shinyanga wanayategemea. Ng'ombe ana tumbo la kucheulia linalofunga sehemu kubwa ya sumu ya gosipoli iliyomo kwenye mbegu. Punda hana. Kidogo hakimdhuru punda mzima mwenye afya, lakini huyu wa kwetu ni mzee na amedhoofu, na tofauti ya bei sioni kama inastahili. Kama alizeti haipatikani kabisa, bora uongeze majani ya choroko.

Molasi ni ya kumshawishi tu. Kijiko kimoja au viwili kwenye maji ya kulowekea humfanya ale chakula kigeni. Usiihesabu kama mlo.

Vya kijani vya pembeni mwa ziwa

Marando ya viazi vitamu ni laini, matamu, na punda mzee huyamaliza. Wakazi wa kandokando ya ziwa wanaomwagilia bustani huwa nayo hata Agosti. Mpe kwa kiasi, yakiwa yamenyauka kidogo, pamoja na chakula kikavu. Majani ya tembo yakatwe yakiwa machanga, kimo cha goti au zaidi kidogo. Yakikomaa ni miti.

Gugu maji huulizwa kila mwaka kwa vile limejaa na ni la bure. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Punda angelazimika kujaza tumbo mara nyingi kwa siku kupata chakula cha mlo mmoja, na lile la karibu na mitaro ya mji limefyonza uchafu wote unaoingia ziwani. Liache.

Vya kutompa kabisa

Chakula cha kuku. Baadhi huwekwa dawa ya kuzuia kuharisha damu, na moja kati ya dawa hizo, monensini, kiasi ambacho kuku hakioni kinaweza kusimamisha moyo wa punda. Funga gunia, na ukimaliza kuwalisha kuku osha ndoo.

Mabua yaliyotiwa urea na mawe ya kulamba yenye urea. Ng'ombe anafaidika, punda hafaidiki, na ikizidi inamuua. Chumvi ya kawaida ya kulamba haina neno.

Majani ya lusina. Mbuzi anayapenda, punda atapukutika nywele za shingo na mkia kwa sababu ya sumu ya mimosini iliyomo.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja

Kama meno yapo na minyoo imeshughulikiwa, nunua au kusanya majani ya karanga, umwachie ngitili mchana, uongeze nusu kilo ya pumba jioni. Mashudu yanaweza kusubiri.

Kama anatema matonge, fedha ya kwanza ni ya daktari na tupa yake. Ya pili ni ya kukata majani. Pumba zilizolowekwa ziwe asubuhi na jioni.

Kama magego yamekwisha, mlo wote unakuwa uji mzito. Punda wa kilo 150 anahitaji kiasi cha kilo 2 hadi 2.5 za chakula kikavu kwa siku. Kwa hesabu hiyo weka kilo 1.5 za majani ya karanga yaliyosagwa, robo tatu ya kilo ya pumba, mashudu ya alizeti, chokaa na chumvi kidogo. Loweka saa moja kwa maji yanayofunika, kisha gawa mara nne au tano. Inachosha, na ndiyo sababu nasema ukweli huu mapema: asiye na mtu wa kushinda nyumbani hataweza, na afadhali ampeleke punda kwa ndugu mwenye mtu. Kinachobaki kwenye beseni kimwagwe. Kwenye joto la mchana kinachacha kabla ya alasiri.

Mabadiliko yote yafanywe kwa muda wa siku 7 hadi 14, chakula kipya kikiongezeka huku cha zamani kikipungua. Mlishe peke yake, maana vijana watamsukuma, lakini asiwekwe mbali na mwenzake aliyezoeana naye. Punda akitenganishwa na rafiki yake anaweza kugoma kula, na kugoma kula kwa punda si jambo la kusubiri kesho. Mwili unaanza kumwaga mafuta kwenye damu, ini linazidiwa, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Akikataa chakula kutwa moja, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Na mzigo upunguzwe. Hakuna mlo wa kumnenepesha punda anayepanda mlima na madumu ya maji mara kadhaa kwa siku katika umri huo.

Usitegemee kuona tofauti haraka. Kamba itaanza kusogea baada ya wiki nne hadi sita. Mvua zikirudi Oktoba au Novemba, nyasi changa zitamvutia, nawe utatamani kuacha kusaga na kuloweka siku hiyohiyo. Usiache. Nyasi za mvua za kwanza ni maji matupu na sukari, na punda asiye na meno hawezi kujaza tumbo kwa hizo. Punguza uji wake taratibu kwa wiki mbili, na kwa yule aliyekwisha magego usiuondoe kabisa. Mwezi huohuo anza kuulizia nani jirani amepanda karanga.